Harufu Hiyo Ina Mwenyewe

Wadogo zangu, wiki hii nina ujumbe wa mdogo wetu mmoja wa Tandika, bi harusi wa mwaka jana. Mama mkwe anakuja Jumamosi, atakaa mwezi mzima, na shida si mama mkwe. Shida ni friji. Ukifungua mlango, anasema, harufu inakuwahi kabla hujaona kilichomo. Ameosha kwa sabuni, na zaidi ya mara moja. Ameweka nusu ya ndimu kwenye kisahani, ameweka kahawa, ameweka kipande cha sabuni ya kuogea yenye marashi. Juzi shoga yake kamwambia afukize udi humo ndani, afunge mlango, alale, asubuhi mambo yatakuwa sawa. Sasa ananiuliza: dada, udi gani unafaa?

Hakuna. Chetezo ni cha sebuleni, cha chumbani na cha kufukizia nguo. Ndani ya friji sehemu kubwa ni plastiki, kuanzia kuta hadi droo, na plastiki hunywa harufu na kuitunza. Ukifukiza utapata friji linalonuka kama samaki aliyejipamba kwenda harusini, na kesho yake maziwa ya mtoto yatakuwa na ladha ya udi. Halafu kuna habari ya moto. Mafriji mengi mapya hupoza kwa gesi iitwayo R600a, ambayo ni jamaa wa karibu wa gesi ya kupikia, nayo inawaka. Makaa ya moto ndani ya sanduku la plastiki lenye nyaya za umeme na gesi ya aina hiyo? Hata kama una haraka ya mama mkwe, hapana.

Neno langu ni moja, na mengine yote yatafuata hapo: harufu hiyo ina mwenyewe. Mtafute. Ndimu, kahawa, mkaa na wenzao wote kazi yao ni kusafisha hewa iliyobaki baada ya mwenyewe kutolewa nje. Ukiwaita kabla, watachoka bure na wewe kesho utakuwa palepale.

Anza kwa kujua yuko juu au chini. Chukua vipande viwili vya barafu kutoka kwenye friza, viache viyeyuke kwenye glasi safi, kisha nusa yale maji. Barafu ikinuka kuliko rafu za chini, mwenyewe yuko juu. Ila haya mafriji yasiyogandisha barafu ukutani yatakuchanganya kidogo, maana mengi yana feni inayozungusha hewa ileile juu na chini. Pweza wa kwenye friza anaweza kusikika kwenye jagi la maji. Waliotunga methali ya samaki mmoja akioza hawakuwa na friza, la sivyo wangeongeza na barafu.

Kisha chomoa umeme, toa kila kitu. Nimesema kila kitu. Wengi wetu tunapoambiwa tusafishe friji tunasogeza vyombo kushoto, tunafuta, tunavirudisha kulia. Azima deli kwa jirani anayeuza samaki au aiskrimu, tia barafu, weka humo vile unavyovihitaji, na vilivyobaki viweke mezani uvitazame kimoja kimoja kwa macho makavu. Mchuzi wa Jumapili uliofunikwa kwa sahani. Maharage ya nazi, kisamvu, na chochote kilichotiwa tui, maana tui huchacha upesi hata kwenye baridi. Nusu ya kitunguu, nusu ya kabichi, fenesi lililomenywa na kuachwa bila kifuniko. Mchicha uliosahauliwa droo ya chini huwa majimaji ya kijani, nayo yanapita chini ya droo na kukaa hapo usipopaona. Na friza, chini kabisa, ile nyama ya Idd iliyoletwa na majirani watatu siku moja, ikalaliwa na nyama nyingine, ikalaliwa na barafu, hadi leo hakuna anayejua ni ya Idd ya mwaka gani.

Kiporo kilichopikwa kikae siku 3, zikizidi sana 4. Baada ya hapo hakina mjadala, na tafadhali usichovye kidole uonje. Pua yako hapa ni ya kutafutia harufu, si ya kutolea ruhusa ya kula. Bakteria wanaotia chakula harufu na wale wanaomlaza mtu hospitali mara nyingi si walewale. Yupo mmoja aitwaye listeria ambaye huzaliana hata kwenye baridi ya friji, chakula kikiwa kinanukia vizuri tu, na ni hatari hasa kwa mama mjamzito. Baridi hiyo tunayoilipia haiui wadudu hao. Inawachelewesha.

Sasa, mdogo wangu wa Tandika, wewe umeosha na harufu imerudi. Hiyo ina maana umeosha unapopaona.

Weka kidole kwenye mpira wa mlango, ule unaozunguka pande zote, ufunue mikunjo yake. Humo hukaa ute wa juisi, makombo, na vidoadoa vyeusi vya ukungu. Mswaki wa zamani, maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, usugue taratibu mpira usichanike, ukaushe. Baadaye, umeme ukisharudi, fanya jaribio dogo: funga mlango kwa kubana noti ya elfu moja, kisha ivute. Ikitoka bila ubishi, mpira umelegea, joto la nje linaingia mchana kutwa, na unyevu unaoingia nalo ndio chakula cha ukungu. Fundi atakubadilishia mpira kwa bei ndogo kuliko ya chakula unachotupa.

Halafu tazama ukuta wa nyuma, chini, usawa wa juu ya droo za mboga. Utaona kijifereji na tundu dogo katikati. Maji yanayotiririka ukutani hupitia hapo kwenda nje. Tatizo ni kwamba mchuzi uliomwagika nao hupitia hapo, na punje ya wali, na jani la giligilani, vikakwama na kuozea shingoni mwa tundu. Ukiona maji yanatuama chini ya droo kila baada ya siku mbili tatu, ujue limeziba. Chukua bomba la sindano lisilo na sindano yake, vuta maji ya uvuguvugu yenye sabuni, sukuma polepole, rudia hadi yapite. Usitumie waya. Tundu hilo lina plastiki nyembamba, na ukiitoboa, maji machafu yataanza kuingia ndani ya ukuta, na huko hakuna mswaki utakaofika.

Maji hayo yakishapita huenda wapi? Wengi wamemiliki friji miaka 10 na hawajawahi kujiuliza. Huenda nyuma, kwenye trei ndogo iliyokaa juu ya kompresa au karibu yake, ili joto la kompresa liyakaushe. Yanakauka maji peke yake. Mchuzi haukauki ukaisha. Vuta friji, washa tochi ya simu, chungulia. Kama friji lako lina miaka kadhaa na trei haijaguswa, nakuhakikishia hutapenda utakachokiona: utelezi wa kahawia, mende waliokufa, pengine na mjusi aliyefuata joto akafia humo. Na mjusi mfu juu ya kompresa yenye joto ananuka kuliko kiporo chochote. Ndiyo maana wapo watu wanaosugua ndani ya friji hadi linang'aa, na harufu ipo tu, kumbe iko nje, mgongoni. Trei nyingine zinachomoka, nyingine zimefungwa kwa skrubu. Hizo zifikie kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti. Hakikisha umeme umechomolewa, na kama kompresa ilikuwa inafanya kazi, ipe muda ipoe.

Rafu za vioo nazo zina siri. Kioo kimechomekwa kwenye fremu ya plastiki, na maziwa yakimwagika huingia kwenye ule uwazi wa pembeni. Zitoe nje, zisubiri zifikie joto la chumba, ndipo uzioshe. Kioo cha baridi ukikimwagia maji ya moto kinaweza kupasuka mikononi mwako. Na kama friza ina barafu nene, weka sufuria ya maji ya moto ndani yake, ufunge mlango, usubiri. Kisu kisikaribie. Nyuma ya ile barafu kuna mabomba membamba ya gesi, na tundu dogo kama la sindano linatosha kukulipisha fundi pesa ya nusu friji.

Haya, sasa dawa. Hapa nataka ukae vizuri, kwa sababu ndipo watu wanapomwaga kila kitu kilichopo jikoni wakitumaini kimojawapo kitafanya kazi.

Samaki wa bahari akiwa hai ana kitu mwilini kinachomsaidia kuhimili chumvi, kisicho na harufu yoyote. Akifa, bakteria hukigeuza kuwa trimethilamini, na hiyo ndiyo unayoisikia ukipita soko la Feri jua likishapanda. Sasa trimethilamini ina tabia ya magadi, yaani kinyume cha asidi. Ikigusana na asidi hugeuka kuwa chumvi ambayo hairuki hewani, na kisichoruka hewani hakifiki puani. Bibi zetu wanaoosha samaki kwa ndimu hawakuhitaji kusomea kemia. Kwa hiyo friji lililoharibiwa na samaki, pweza, ngisi au dagaa linataka siki: kikombe 1 cha siki nyeupe kwa kikombe 1 cha maji, futa kuta zote, iache dakika 10 hivi, kisha futa kwa maji safi. Huna siki, kamua ndimu za kutosha uchanganye na maji. Lakini ndimu iguse ukuta. Nusu ya ndimu iliyokaa kwenye kisahani katikati ya rafu imekaa tu.

Maziwa yaliyomwagika ni kesi nyingine, pamoja na mtindi, siagi na samli iliyoharibika. Harufu yake yenyewe ni ya asidi. Mafuta ya maziwa yakivunjika hutoa asidi ya butiriki, ile inayokukumbusha matapishi ya mtoto mchanga. Ukiyapiga siki unaongeza asidi juu ya asidi. Hapo ndipo zamu ya bekingi soda: vijiko 2 vya chakula kwa lita 1 ya maji ya uvuguvugu, futa, suuza. Mayai viza na kabichi iliyooza vina salfa, na salfa haijali sana siki wala soda; inataka hewa ipite na mkaa, nitaufikia.

Humjui mwenyewe ni nani? Fanya yote mawili, moja baada ya jingine, ukisuuza katikati. Usivichanganye kwenye beseni moja. Najua mmeona zile video: siki inamwagiwa bekingi soda, povu linapanda, muziki unalia, na dada mwenye kucha ndefu anafuta friji ambalo halikuwa chafu tangu mwanzo. Povu lile ni hewa ukaa. Vitu viwili vile vimekutana, vimemalizana, na kilichobaki kwenye beseni ni maji ya chumvichumvi yasiyo na nguvu ya kitu chochote. Unafuta friji kwa maji na unalipia siki.

Jiki ina nafasi yake, hasa palipokuwa na nyama iliyooza au ukungu mweusi, lakini ije baada ya sabuni, ikiwa imezimuliwa sana: kijiko 1 cha chakula kwa lita 4 za maji, kisha usuuze, uache pakauke. Na isikutane na siki wala ndimu, hata kwa bahati mbaya, hata kwenye kitambaa kimoja. Ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, nawe umeinamisha kichwa ndani ya sanduku. Ukitumia siki leo, jiki itumie siku nyingine.

Niseme na habari ya duka, maana ujumbe kama huu hauniishii: "Dada nilitumia magadi kama ulivyosema." Sikusema magadi. Bekingi soda ni ile ya kopo au pakiti, ya kuokea keki. Si bekingi pauda, ambayo tayari imetiwa asidi na wanga. Si hamira. Na si yale magadi ya mawe ya kulainishia maharage, ya kutoka huko Ziwa Natron. Hayo ni makali zaidi, yanakuja na uchafu wake, na hula alumini, ambayo sehemu za kupozea za mafriji mengi zimetengenezwa kwayo. Kostiki soda ya wapika sabuni usiisogeze hata mlangoni. Inachoma ngozi na macho.

Ukishamaliza kuosha, acha mlango wazi, elekeza feni ndani, saa kadhaa, ikiwezekana usiku mzima. Hatua hii watu huiruka kwa sababu wana haraka ya kurudisha vitu, kisha wiki ijayo wananiandikia kuhusu ukungu.

Ndipo sasa tuwaite wanyonya harufu. Mimi ni mtu wa mkaa. Vunja vipande vidogo, suuza vumbi lake, anika juani hadi ukauke kabisa, weka kwenye bakuli wazi rafu ya kati. Una vitundu visivyohesabika vinavyonasa harufu. Ule wa viwandani, unaowekwa kwenye vichujio vya maji, una nguvu zaidi, lakini huu wa gunia unafanya kazi, na baada ya wiki mbili unauanika tena au unaupikia chai. Kama harufu ni kali, kunja magazeti ya zamani, jaza rafu zote pamoja na mkaa, funga mlango, badilisha magazeti kila siku kwa siku 5 au 6. Friji halina chakula siku hizo, lakini linapona. Bekingi soda nayo inafaa, ila si kwa mtindo wa boksi lililofunguliwa kona moja. Desturi hiyo ilienezwa sana Marekani na matangazo ya Arm & Hammer miaka ya 1970, na waliofaidi zaidi ni wauza soda hiyo, maana boksi lenye mdomo mdogo hugusana na hewa kidogo mno. Itandaze kwenye sahani pana. Kahawa mimi naiona inafunika zaidi kuliko kuondoa; wewe inywe tu.

Hayo ni ya kutibu. Ila nikiwasoma wengi wenu, chanzo ni kilekile: umeme.

Friji likifungwa bila kufunguliwa hutunza baridi kwa takribani saa 4 tangu umeme ukatike. Friza iliyojaa hukaa hadi saa 48, iliyojaa nusu hadi saa 24. Makadirio hayo ni ya mlango uliofungwa kwelikweli, si wa mlango unaofunguliwa kila dakika kumi kuangalia kama bado kuna baridi. Na kwa joto la Dar la Februari mimi nayapunguza. Chakula cha kuharibika kikishapanda juu ya nyuzi 4 au 5 kwa zaidi ya saa 2, kitupe. Kilicho na barafu ndani bado, waweza kukirudisha kigande, ingawa kitapoteza utamu.

Tatizo ni kwamba mara nyingi hukuwepo. Mlikwenda msibani Tanga siku tatu, mmerudi, taa zinawaka, nyama ni ngumu kama jiwe. Je, ilibaki imeganda siku zote, au iliyeyuka ikaoza kidogo ikaganda tena? Mbinu ni hii: gandisha kikombe cha maji kwenye friza, weka sarafu juu ya barafu, uiache humo siku zote. Ukirudi ukaikuta sarafu juu, nyama haikuyeyuka. Ukiikuta katikati au imezama chini, umeme ulikatika muda mrefu, na hiyo nyama usiipike hata kwa pilipili nyingi. Kabla ya safari angalia pia salio la LUKU. Kwa wa Mombasa na Nairobi, tokeni. Umeme wa mtaa mzima unaweza kuwepo na wa kwako umeisha tangu Ijumaa usiku.

Wako wasomaji wangu wa Unguja wanaokumbuka Desemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kilipokaa karibu miezi 3 bila umeme baada ya hitilafu ya njia inayouleta kutoka bara. Kwa kukatika kwa namna hiyo hakuna ujanja wa barafu. Samaki anakaangwa siku hiyohiyo au anatiwa chumvi na kuwa ng'onda, na friji linatolewa kila kitu, linaoshwa, linakaushwa, linaachwa mlango wazi. Friji lililozimwa na kufungwa huota ukungu hata kama liliingia usingizini likiwa safi. Ila mlango huo uufunge kwa kamba ubaki wazi kidogo na usiweze kujifunga wala kufunguka wote, maana watoto hupenda kujificha humo.

Na kuna umeme tunaoukata wenyewe. Wapo wanaozima friji saa nne usiku na kuliwasha asubuhi ili kuokoa uniti. Wadogo zangu, friji likizimwa usiku kucha linapanda joto, bakteria waliokuwa wamecheleweshwa wanaanza kazi, na kwenye joto zuri wapo wanaoweza kuongezeka maradufu kila dakika 20 hivi. Asubuhi kompresa inahangaika kurudisha baridi uliyoitupa, kwa hiyo hata hicho ulichookoa ni kidogo. Ukitaka kuokoa, lisogeze mbali na ukuta na jiko, badilisha mpira uliolegea, usiingize sufuria ya moto. Lakini liache liwake. Ndani iwe nyuzi 4 hivi, friza hasi 18. Kipimajoto kidogo cha friji si ghali.

Baada ya umeme, samaki. Tangu Juni 2019 mifuko ya rambo ilipopigwa marufuku Tanzania tunabeba samaki kwa ile mifuko mbadala ya kitambaa, na sheria hiyo naiunga mkono kabisa, lakini mfuko ule unavuja. Mtu anatoka Feri na nguru wake, anafika nyumbani amechoka, anautumbukiza mfuko wote kwenye friza. Maji ya samaki yanatiririka, yanagandia sakafuni mwa friza, na siku umeme ukikatika yanashuka hadi kwenye droo ya nyanya. Toa matumbo na matamvua siku hiyohiyo, osha, kausha kwa kitambaa, kata kwa mapishi, panga kwenye vyombo vyenye vifuniko vinavyobana, uandike tarehe. Nyama mbichi na samaki wanaosubiri kupikwa wakae rafu ya chini kabisa, ili wakidondosha, wasidondoshee kachumbari.

Nanyi mnaouza barafu za ubuyu na juisi ya ukwaju kutoka friji la nyumbani: msiweke samaki humo. Mteja hatakwambia kwamba barafu yako ina harufu ya dagaa. Ataanza tu kununua kwa jirani. Kama huna friji la pili, barafu zako zikae kwenye chombo kilichofunikwa, na samaki aliwe siku anayonunuliwa. Kaka zangu wa geto, kwenu friji lina chupa ya maji, mayai mawili na mchuzi wa wiki iliyopita. Anzeni na mchuzi.

Friji la mtumba lililoshushwa kwenye kontena mara nyingi linanuka ukungu kwa sababu limesafiri limefungwa. Hilo halinitishi, huisha kwa sabuni, siki na siku mbili za mlango wazi. Linalonitisha ni lile ambalo muuzaji amelipulizia marashi. Mwambie alizime, afunge mlango, wewe uzunguke sokoni kwa saa moja, kisha urudi ulifungue mwenyewe. Na ukisikia harufu ya plastiki inayoungua kutoka friji lolote, jipya au la zamani, hapo hakuna kuosha: chomoa, mwite fundi.

Mdogo wangu wa Tandika, anza na trei ya nyuma. Kwa maelezo yako naona mwenyewe yuko hapo. Lakini kama friji hilo mlilinunua kwa mtu, na aliyewauzia aliwahi kusafiri wiki kadhaa friza ikiwa imejaa nyama na umeme umekatika, kuna uwezekano maji ya ile nyama yaliingia nyuma ya plastiki, kwenye sponji inayotunza baridi ndani ya kuta. Sponji hiyo imemwagwa kiwandani ikagandia humo. Fundi hawezi kuitoa akairudisha. Utalijua kwa dalili hii: umeosha pote nilipokutajia, umeweka mkaa na magazeti siku zote hizo, na ukilifunga likiwa tupu siku nzima harufu inarudi ileile. Likifika hapo usimlipe fundi. Liuze kwa mtu wa soda na maji ya chupa, maana kilichozibwa kwa kizibo hakiingiwi na harufu, na umweleze mwenyewe kabla hajafungua mlango. Atakushusha bei. Jumamosi mama mkwe akute deli lenye barafu na samaki wa asubuhi hiyo.